Kuchagua Kasi ya RAM na Mazabodi kwa Kompyuta ya Kazi Nzito: Mwongozo Kamili kwa Wanaojijengea Unguja na Pemba

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ananunua prosesa nzuri, anachukua RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kasi ya 6400 kwa sababu namba ni kubwa, anabeba mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) yoyote iliyopo dukani, na baada ya miezi michache anaongeza vipande vingine viwili vya RAM. Mashine inagoma kuwaka, au inawaka kwa kasi ya 3600. Wengi hata hawajui kwamba imeshuka. Wanalaumu Windows, fundi anawawekea Windows mpya, na video ya harusi inaendelea kukwama pale pale.

Tatizo ni mpangilio wa maamuzi. Anza na kazi, kisha ukubwa wa RAM, kisha idadi ya vipande, kisha prosesa na mazabodi. Kasi ya RAM inaamuliwa mwisho. Fuata mpangilio huo hata kama muuzaji anakuharakisha.

## Uwe na vitu hivi kabla hujatoa pesa

- Mradi mmoja wako halisi, ule mkubwa kuliko yote: video, ramani, jengo au data.
- Intaneti ya kufungulia kurasa za mtengenezaji wa prosesa na wa mazabodi. Kila mazabodi ina orodha ya RAM zilizojaribiwa juu yake, inaitwa QVL. Ishushe uwe nayo kwenye simu, kwa sababu dukani mtandao unaweza kukuangusha.
- Flashi mbili: moja ya kusasisha BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine), iliyofomatiwa FAT32, na nyingine ya MemTest86, programu ya kupima RAM.
- Bisibisi ya nyota, kitambaa kisichotoa nyuzi, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99.
- UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) yenye AVR, yaani kidhibiti cha volti. Soma wati zake, usisome VA peke yake, kwa kuwa wati huwa ndogo kuliko VA iliyoandikwa kwa maandishi makubwa.

UPS si anasa. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mazabodi inaweza kufa kabla hujaitumia hata siku moja.

## Hatua ya 1: Pima kazi, upate ukubwa

Fungua mradi wako mkubwa kwenye kompyuta unayotumia sasa, au uazime ya rafiki. Ufanyie kazi ya kweli, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kwenye Task Manager, sehemu ya Memory, tazama namba iliyo chini ya neno Committed. Hiyo ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa. Ikizidi sana RAM uliyonayo, ziada inahamishiwa kwenye diski, na hapo ndipo mshale unapoganda. Ukifika hali hiyo, kasi ya RAM haitokuokoa. Unahitaji ukubwa.

Kwa anayehariri video kwa DaVinci Resolve, GB 32 ndiyo pa kuanzia, khasa akitumia Fusion, sehemu yake ya kutengenezea athari za picha. Mwenye tabaka nyingi za 4K aende 64. Wasanifu majengo wenye modeli za kati hutosheka na 32, na wenye hoteli nzima ndani ya faili moja waende 64.

Watu wa ramani za droni ndio wanaohitaji kuangalia zaidi. Kazi hii si ngeni kwetu, kwani Zanzibar Mapping Initiative ilianza kupiga picha visiwa hivi kwa droni ndogo mwaka 2016. Lakini kuziunganisha picha kunakula RAM kuliko kitu chochote nitakachokitaja hapa. Mwongozo wa OpenDroneMap, programu ya kuunganisha picha hizo, unakadiria GB 16 kwa picha kama 250, GB 32 kwa 500, GB 64 kwa 1500 na GB 128 kwa 2500. Ukipungukiwa, programu haiendi polepole. Inasita katikati baada ya saa nyingi, na unaanza upya.

Ongeza robo juu ya ulichopima, kisha panda hadi ukubwa unaouzwa: 32, 64, 96 au 128. Hatua hii imekamilika ukiwa na namba moja tu imeandikwa kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Uupate ukubwa huo kwa vipande viwili

Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Prosesa za kawaida za AMD Ryzen na Intel Core zina chaneli mbili za kumbukumbu. Mazabodi yenye sloti nne haikuongezei chaneli. Imeweka sloti mbili juu ya kila chaneli. Ukijaza zote nne, kila chaneli inabeba mzigo wa vipande viwili, mawimbi ya umeme yanarudishana kwenye njia, na prosesa inalazimika kupunguza mwendo ili isisome data kimakosa.

Kwa DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata DDR4, mporomoko ni mkubwa. AMD wenyewe wameandika kwamba Ryzen 7000 inakubali DDR5-5200 kwa vipande viwili na 3600 kwa vinne. Ryzen 9000 inakubali 5600 kwa viwili, na kwa vinne inarudi kwenye 3600 ile ile. Intel nao hushusha kasi rasmi sloti nne zikijaa. Kuna wanaofanikiwa kuvivusha vinne juu ya hapo kwa kuchezea volti, lakini hiyo ni bahati ya prosesa yako. Mashine ya kuingizia riziki haijengwi juu ya bahati.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila uhamisho hubeba baiti 8 kwa chaneli. Kwa hiyo 5600 × 8 × 2 ni GB 89.6 kwa sekunde, na 3600 × 8 × 2 ni GB 57.6. Umelipia RAM zaidi, ukapoteza zaidi ya theluthi ya upana wa njia.

Kipande kimoja peke yake nacho ni kosa, maana kinakuachia chaneli moja. Ukitaka 64, nunua 32 mbili. Ukitaka 96, nunua 48 mbili. Vipande vya GB 48 vipo kwenye DDR5 na ni suluhisho zuri sana kwa watu wa droni. Vya GB 64 pia vipo, ila BIOS ya mazabodi iwe mpya na ukurasa wake useme wazi kwamba inavikubali.

Tahadhari: usinunue 16 mbili leo kwa nia ya kuongeza 16 nyingine mbili mwakani. Hata zikiwa na jina na namba ile ile ya modeli, chipu za ndani zinaweza kuwa tofauti, maana watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha boksi. Najua bei zinauma, RAM imepanda duniani kote tangu mwishoni mwa 2025. Hata hivyo, bora upunguze prosesa daraja moja ununue seti kamili sasa.

## Hatua ya 3: Prosesa na soketi

Hapa tupite haraka. Soketi ndiyo inayoamua aina ya RAM.

- AM4, kama Ryzen 5000: DDR4, kasi rasmi 3200.
- AM5, Ryzen 7000 na 9000: DDR5 tu.
- LGA1700, Intel ya kizazi cha 12 hadi 14: DDR4 au DDR5, kutegemea mazabodi.
- LGA1851, Core Ultra 200S: DDR5 tu.

DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mkato wa chini uko mahali tofauti na haziingiliani. Kipande kikigoma kuingia, usikikandamize. Kwa LGA1700 soma jina kamili la mazabodi, kwani modeli moja inaweza kuuzwa kwa matoleo mawili, na tofauti ikawa herufi na namba chache mwishoni mwa jina.

Kama bajeti ni finyu, AM4 yenye 32 mbili za DDR4-3200 bado ni mashine ya heshima. Sioni sababu ya mtu kuikopea pesa DDR5 kwa ajili ya video za 1080p.

## Hatua ya 4: Mazabodi

Watu huchagua mazabodi kwa sura na mataa. Fuata vipimo hivi, kwa mpangilio huu.

Chipuseti. Kwa Intel LGA1700, epuka H610 kwa kazi nzito: ina sloti mbili tu na hairuhusu kuipandisha RAM juu ya kasi rasmi. B760 inaruhusu XMP (mpangilio wa kuipandisha kasi ya RAM) na inatosha watu wengi. Kwa AM5, B650 au B850 inatosha. Lipia X670E au X870E pale tu unapohitaji njia nyingi za PCIe, zile za kadi za picha na diski za kasi.

Sloti mbili au nne. Kwa kuwa unatumia vipande viwili, mazabodi ya sloti mbili si upungufu. Nyaya zake za RAM ni fupi na safi zaidi. Ukikuta nzuri ya sloti mbili kwa bei nafuu, usiidharau.

Umeme wa prosesa. Angalia mkusanyiko wa vipande vidogo pembeni mwa soketi, unaoitwa VRM. Ryzen 9 7950X inaweza kuvuta wati 230 kwenye soketi, na Core i9-14900K hufika 253. Kwenye chumba kisicho na kiyoyozi wakati wa kaskazi, VRM isiyo na bati nene la kupoozea itachemka na prosesa itajipunguza yenyewe. Mazabodi ambayo VRM yake iko uchi muachie mwenye kazi ya ofisini.

Njia za PCIe. Sloti ndefu ya pili mara nyingi ina njia nne tu za umeme, japo umbo lake ni la 16. Anayetaka kadi mbili za picha asome kama mazabodi inagawa 8 na 8. Soma pia kama sloti ya M.2 (ya diski ndogo ya SSD) ikijazwa inazima milango ya SATA (ya diski za waya). Ukurasa wa vipimo husema hivyo, kwa maandishi madogo.

Kitufe cha BIOS Flashback. Kwangu hiki ni sharti. Kinakuwezesha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kufanya kazi. Mazabodi ya B650 iliyokaa dukani tangu kabla ya Ryzen 9000 kutoka mwaka 2024 inaweza isiitambue prosesa hiyo kabisa. Ukiwa Wete au Chake Chake, kupata prosesa ya kuazima ili usasishe BIOS ni mtihani, na kuirudisha mazabodi mjini ni safari ya boti.

Chaguo lako liko sawa ikiwa ukurasa wa mtengenezaji unataja prosesa yako kwa jina, toleo la BIOS linalohitajika, na RAM unayoitaka imo kwenye QVL kwa vipande viwili.

## Hatua ya 5: Sasa ndiyo uchague kasi

Kwenye boksi kuna namba mbili zenye maana. Ya kwanza, mfano 6000, ni mamilioni ya uhamisho kwa sekunde, yaani MT/s. Ya pili ni CL. Boti ikifika Malindi, MT/s ni upana wa ngazi wanayoshukia abiria, na CL inakusaidia kujua muda unaosubiri mpaka abiria wa kwanza akanyage gati.

Usilinganishe CL peke yake. Tumia hesabu hii: CL × 2000 ÷ kasi = nanosekunde.

- DDR4-3200 CL16: 10
- DDR5-6000 CL30: 10
- DDR5-6000 CL40: 13.3
- DDR5-5600 CL46: 16.4

Kwa hiyo 6000 CL30 na 6000 CL40 si bidhaa moja, hata kama muuzaji atakwambia, "Shekhe, zote sita elfu hizo."

Kwa AM5 lenga 6000 CL30 hadi CL36. Kiwango hicho ndicho kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya Ryzen kinachokimudu kikienda sambamba na RAM. Ukipanda mbali zaidi, kwenye 8000 kwa mfano, kidhibiti hukimbia kwa nusu ya mwendo, na faida inaliwa na subira. Kwa Intel ya kizazi cha 13 na 14, 5600 hadi 6400 inatosha. Kwa DDR4, chukua 3200 CL16 au 3600 CL18, maana kwa subira ziko sawa.

Je, kazi yako inaihisi kasi? Blender ikitumia prosesa kutoa picha za mwisho haijali sana. Anayeendesha modeli za mikondo ya bahari anaihisi wazi, kwa sababu data yake haienei kwenye keshi ya prosesa. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, chukua 64 ya 5600 uiache 32 ya 6400.

Kumbuka kwamba kasi iliyo juu ya ile rasmi ya prosesa ni ya XMP au EXPO, yaani mpangilio uliopandishwa. Mtengenezaji wa RAM anaidhamini. Mtengenezaji wa prosesa hajaiahidi.

## Hatua ya 6: RAM za seva na ECC

Sokoni zinapita RAM za seva zilizotumika, kubwa na rahisi. Nyingi ni aina ya RDIMM, na hazitowaka kwenye mazabodi ya kawaida. RDIMM ya DDR4 inaingia vizuri kabisa kwenye sloti, ndiyo maana inadanganya.

Soma stika. Ukiona kitu kama `2Rx8 PC4-3200AA-U`, herufi ile ya U ndiyo yako. R ni RDIMM ya seva, L ni LRDIMM, nayo ya seva, S ni ya laptopu, E ni ya kawaida yenye ECC (usahihishaji wa makosa). Ile 2R ya mwanzo inamaanisha chipu zimepangwa kwa safu mbili.

RDIMM zina pahala pake. HP Z440 iliyotumika, kwa mfano, ina chaneli nne, sloti nane, na inazila RAM hizo za DDR4. Ni ya zamani, lakini mtu wa droni anayehitaji GB 128 kwa pesa kidogo asiipite bila kuitazama.

ECC ya kweli inasahihisha makosa ya biti na kukuarifu. "On-die ECC" iliyomo kwenye kila DDR5 hailindi data ikiwa njiani kwenda kwa prosesa, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama ni kitu kimoja. Ukihitaji ECC kwa Intel ya LGA1700, tafuta chipuseti ya W680. Kwa AM5, inategemea mazabodi, na lazima ukurasa wake useme.

## Hatua ya 7: Kununua na kusafirisha

Iwe umenunua Darajani, umeagiza Kariakoo au umeletewa kutoka Dubai, dai seti iliyofungwa pamoja kiwandani, vipande viwili ndani ya boksi moja. Piga picha stika za vyote viwili palepale, na uandikishe kwenye risiti kwamba utarudisha seti nzima ikishindwa majaribio.

Kagua meno ya dhahabu kwa tochi ya simu. Vipande vilivyokaa nje ya mfuko kwenye duka lililo karibu na bahari hushika ukungu wa chumvi na alama za vidole. Alama nyepesi inafutika kwa alkoholi. Madoa ya kijani ni kutu ya shaba: kiache.

Mzigo ukifika, usiufungue mbio. Uache saa chache ndani ya mfuko wake chumbani mpaka ulingane na joto la hapo, hasa kama mzigo umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Unyevu ukiganda juu ya bodi halafu ukawasha, hasara ni yako.

## Hatua ya 8: Kufunga na kuwasha mara ya kwanza

Kwenye mazabodi ya sloti nne, vipande viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa kawaida zimeandikwa A2 na B2. Kuviweka jirani ni kosa la kila siku, na mara nyingi linakuachia chaneli moja. Bana mpaka usikie mlio wa kufunga.

Sasisha BIOS kwanza, ukiwa kwenye UPS. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti lililoziharibu taratibu, na Intel walitoa maikrokodi 0x12B (marekebisho ya prosesa yanayokuja ndani ya BIOS) mwaka 2024 kulizuia. Dalili zake zinafanana na RAM mbovu. Kwa AM5, BIOS za kabla ya katikati ya 2023 ziliweza kupandisha volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) kupita kiasi, hasa ukiwasha EXPO. Matoleo ya baadaye yanaibana kwenye volti 1.3.

Kisha washa bila EXPO wala XMP. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza hujipima yenyewe, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Usizime. Ngoja hata robo saa. Watu wamerudisha mazabodi nzima dukani kwa kukosa subira hapa.

Ikishaingia BIOS, hakikisha ukubwa wote unaonekana. Ndipo uwashe EXPO au XMP, hifadhi, na ungoje tena.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa joto la kwetu

Ndani ya Windows, Task Manager ionyeshe kasi uliyolipia. CPU-Z, programu ya kusomea vipimo vya mashine, itaonyesha nusu yake, 3000 kwa RAM ya 6000, na hiyo ni sahihi, kwani data huhamishwa mara mbili kwa kila mpigo. CPU-Z ikuonyeshe pia chaneli mbili. Kwenye DDR5 huandikwa kama chaneli nne za biti 32, usishtuke.

Washa kutoka kwenye flashi ya MemTest86 uache ifanye mizunguko yote minne. Kosa moja tu ni kufeli. RAM haina "makosa machache".

Kisha rudia jaribio kwa kazi halisi, mchana, dirisha likiwa wazi na feni ikienda kama utakavyofanya kazi kila siku. DDR5 iliyotulia usiku inaweza kutoa makosa saa nane mchana. HWiNFO huonyesha joto la kila kipande. Likikaa juu ya nyuzi 60 kwa muda, elekeza feni ya kasha upande wa RAM kabla hujagusa volti. Mwisho fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger, yaani taarifa za makosa ya vifaa. Pasiwe na chochote kipya.

Ikifeli, shuka ngazi kwa ngazi: kutoka 6000 nenda 5800, kisha 5600, ukirudia MemTest86 kila mara. Kazi haitoona tofauti ya ngazi moja. Ikifeli hata kwenye kasi rasmi ya prosesa, jaribu kila kipande peke yake kwenye A2. Kikipatikana kibovu, rudisha seti nzima pamoja na picha ya skrini ya makosa. Vikipita vyote viwili kimoja kimoja kwenye A2, jaribu kimoja kwenye B2: ikigoma huko tu, vua prosesa utazame kama kuna pini iliyopinda au uchafu kwenye soketi, kabla hujaidai mazabodi mpya.